Mali Bila Daftari: Pengo la Bajeti ya Mombasa na Haki ya Mwananchi Kuulizwa

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Mombasa ni mji wa wafanyabiashara tangu enzi za majahazi ya msimu. Hapa ndipo babu zetu walipouziana pembe, nguo, tende na boriti, na mzigo ulioshuka Bandari ya Kale ulikuwa na mwenyewe na hesabu yake. Mtu hakukopesha bila shahidi, wala hakupokea amana bila kujua siku ya kuirudisha. Ajabu ni kwamba mji huu wenye desturi ya daftari una fedha za umma ambazo mwananchi wa kawaida hajui zimeingia ngapi, zimetoka ngapi, wala ni nani aliyeamua kwamba zikipungua, pigo limwangukie yeye.

Tangu serikali za kaunti zilipoanza kazi mwezi Machi 2013, wakazi wa kisiwa chetu wameuzoea wimbo mmoja. Nairobi haijaleta fedha. Mapato hayakufika lengo. Vuteni subira. Baada ya wimbo huo hakuna tangazo lolote linalotolewa, lakini mambo huanza kupungua. Mgonjwa huandikiwa dawa akaambiwa akainunue nje. Lori la taka lililopita mara tatu kwa juma hupita mara moja. Mfagizi wa barabara hungoja mshahara hadi katikati ya mwezi wa pili. Mkandarasi mdogo aliyepaka rangi madarasa ya chekechea huzungushwa ofisi hii na ile kwa miaka, huku benki ikimwandama.

Wahariri wa ukurasa huu wanataka kusema jambo moja, na kulisema bila kumung'unya maneno. Pengo la bajeti si tufani iliyotoka baharini bila kuitwa. Kila shilingi inayopunguzwa imepunguzwa na mtu, mahali fulani, kwa kutanguliza jambo moja na kuahirisha jingine. Kupunguza huduma kimya kimya ni kutunga sheria bila bunge. Kwa hiyo swali la kwanza la mwananchi lisiwe ni kiasi gani kimekosekana. Liwe hili: nani ameamua kipunguzwe nini, kwa sheria gani, na sisi tuliulizwa lini?

FEDHA ZETU HUTOKA WAPI

Hapana budi tuanze na hesabu, kwa maana asiyejua kilichomo mkobani hawezi kuuliza kilichotoka. Katiba iliyopigiwa kura tarehe 4 Agosti 2010 inaipa kaunti milango mikuu miwili ya mapato.

Mlango wa kwanza ni mgao kutoka mapato ya taifa. Kifungu cha 203 kinaamuru kwamba kaunti zote kwa pamoja zisipate chini ya asilimia 15 ya mapato hayo. Lakini asilimia hiyo hupimwa kwa hesabu za mwisho zilizokaguliwa na kuidhinishwa na Bunge la Taifa, si kwa mapato ya mwaka unaoendelea. Mwaka wa fedha 2013/2014 kaunti zote 47 ziligawana shilingi bilioni 190. Kufikia 2021/2022 kiasi hicho kilikuwa bilioni 370, na sehemu ya Mombasa ilikuwa takriban bilioni 7.57. Mwaka uliofuata, 2022/2023, Mombasa ilipewa kiasi kile kile. Bei ya mafuta, ya dawa na ya umeme haikusimama mahali pamoja, lakini mgao ulisimama.

Hata ongezeko lililotangulia lina siri yake. Mwaka 2020/2021 Mombasa ilipata takriban bilioni 7.06. Mtu akitazama haraka atasema kwamba tuliongezewa nusu bilioni. Lakini mwaka huo wa 2021/2022 ndio ruzuku kadhaa maalumu, ikiwamo ya hospitali kubwa za rufaa, zilipoacha kutolewa peke yake zikaunganishwa na mgao wa kawaida. Hospitali Kuu ya Pwani hupokea wagonjwa kutoka Kilifi, Kwale, Taita Taveta, Tana River na Lamu, na haimfukuzi mtu kwa kuwa si mpiga kura wa Mvita. Kwa hiyo sehemu ya kilichoonekana kuwa nyongeza kilikuwa ni mkono wa kushoto kuhamishia mkono wa kulia.

Kanuni ya kugawanya fedha nayo haikuutazama mji kwa jicho la huruma. Kanuni ya tatu, iliyopitishwa na Seneti mwaka 2020 baada ya mvutano mrefu, iliweka asilimia 18 kwa idadi ya watu, asilimia 8 kwa ukubwa wa ardhi, na asilimia 5 tu kwa huduma za mijini. Mombasa ina eneo dogo mno, na sensa ya mwaka 2019 ilihesabu humo watu 1,208,333. Kwetu hakuna kijiji kinachojichimbia kisima na kuchoma taka zake shambani. Kila mtu hapa anahitaji mfereji, lori la taka, taa ya barabarani na zimamoto.

Mlango wa pili ni mapato ya kaunti yenyewe: kodi ya ardhi, leseni za biashara, maegesho ya magari, ada za soko na malipo ya hospitali. Hapa Mombasa si maskini. Kwa miaka mingi imekuwa miongoni mwa kaunti chache zinazoongoza kwa kukusanya. Ila utajiri mkubwa unaoonekana kisiwani si wake. Bandari ni mali ya shirika la serikali kuu, na ushuru wa forodha huenda moja kwa moja Hazina ya Taifa. Hata tiketi ya mgeni anayeingia Ngomeni, jumba lililotambuliwa na UNESCO mwaka 2011 kuwa urithi wa dunia, hukusanywa na Makavazi ya Taifa. Malori ya makontena huharibu barabara zetu, lakini ushuru wa makontena hauingii kwetu. Haya ni malalamiko ya haki, na hatuyaachi.

MILANGO MITATU YA PENGO

Pamoja na hayo, mtu mwadilifu hawezi kuishia Nairobi. Pengo letu huingia kwa milango mitatu, na si yote inayofunguliwa kutoka nje.

Mlango wa kwanza ni ucheleweshaji na upunguzaji wa serikali kuu. Kifungu cha 219 kinataka mgao wa kaunti upelekwe bila kuchelewa pasipo sababu. Kwa vitendo, kaunti zimezoea kudai mgao wa miezi miwili au mitatu iliyopita. Mfano mchungu ni wa mwaka 2024. Mswada wa Fedha ulipotupwa mwezi Juni, baada ya vijana kujaa barabarani na damu kumwagika, serikali kuu ilitafuta mahali pa kupunguzia matumizi. Mgao wa kaunti uliokuwa umepitishwa kuwa bilioni 400.1 ulirudishwa mezani. Bunge la Taifa na Seneti walivutana kwa miezi, na mwezi Desemba 2024 ndipo kilipokubaliwa kiasi cha bilioni 387.4. Nusu ya mwaka wa fedha ilikuwa imekwisha kabla kaunti hazijajua zina kiasi gani. Wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi.

Mlango wa pili ni bajeti ya matumaini. Kaunti huandika kwamba itakusanya kiasi fulani, ilhali miaka yote iliyotangulia haijawahi kukifikia. Kwa nini? Kwa sababu kila wadi inataka mradi, na kila idara inataka fungu. Namba ikikuzwa upande wa mapato, kila mmoja hupata chake kwenye karatasi. Zabuni hutolewa, kazi hufanywa, hati za madai huletwa, kisha fedha hazipo. Hapo ndipo madeni yaliyolimbikizwa yanapozaliwa. Ripoti za Msimamizi wa Bajeti zimeitaja Mombasa zaidi ya mara moja miongoni mwa kaunti zenye madeni makubwa ya namna hiyo. Uongozi ulipobadilika mwaka 2022, kutoka kwa Gavana Hassan Joho hadi kwa Gavana Abdulswamad Sharif Nassir, madeni hayakuondoka na aliyeondoka. Kisheria deni ni la ofisi, si la mtu. Dawa ya deni ni kulipa, na atakayelipa ni yule yule mwenye leseni ya kibanda cha Marikiti.

Mlango wa tatu ni mpangilio wa matumizi. Kanuni za fedha za umma za mwaka 2015 zinasema mishahara isizidi asilimia 35 ya mapato ya kaunti. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012 inataka angalau asilimia 30 ya bajeti iende kwenye maendeleo. Fedha zinapopungua, mishahara haipunguki kwa urahisi, na safari na posho za wakubwa huwa na watetezi wao chumbani. Dawa haina mtetezi chumbani. Bomba bovu halina posho ya kikao. Basi kisu hushuka kwa visivyo na sauti.

NANI HULIPA

Tuuchukue Mji wa Kale uwe mfano, si kwa sababu mitaa mingine haiumii, bali kwa sababu hapa kila upungufu huonekana upesi. Vichochoro vya Kibokoni na Kuze ni vyembamba, na taka zikikaa siku mbili hufunga njia. Jaa la Kibarani lilipofungwa mwaka 2018, jambo ambalo lilikuwa jema kwa ghuba na kwa pua zetu, taka za kisiwa zilielekezwa Mwakirunge, mbali upande wa Kisauni. Tangu hapo kuondoa taka kumekuwa ni suala la mafuta ya gari. Lori lisipotiwa dizeli haliendi, na taka hubaki mlangoni pa mtu. Hakuna azimio la Bunge la Kaunti linalosema taka za Mji wa Kale zisichukuliwe. Lakini fungu la mafuta likipunguzwa kwa mstari mmoja katika bajeti ya nyongeza, azimio hilo limepita bila kusomwa.

Au tutazame zimamoto. Nyumba zetu za kale zina boriti za mikandaa, roshani za mbao na milango ya nakshi. Zimebanana ukuta kwa ukuta. Moto ukishika nyumba moja, jirani wanne wako hatarini, na gari kubwa haliwezi kupenya. Mji wa namna hii unahitaji vifaa vidogo vilivyo tayari, mabomba yenye maji na watu waliofunzwa. Gharama hiyo haionekani mpaka siku ya moto. Kwa hiyo mwaka wa njaa ni rahisi kuisukuma mbele, na usipoziba ufa utajenga ukuta.

Maji nayo yana hadithi kama hiyo. Kisiwa hiki hakina mto. Maji yetu hutoka Mzima kule Taita Taveta, hutoka Baricho huko Kilifi, na hutoka Marere na Tiwi upande wa Kwale. Kampuni ya maji ya kaunti huyanunua kwa jumla kutoka shirika la serikali kuu, na pampu huendeshwa kwa umeme. Fedha zikikatika, maji hukatika. Tajiri ana kisima na tangi. Mnyonge hununua mtungi kwa mwenye mkokoteni, na kwa kila lita hulipa zaidi ya anayelipa bili ya mfereji. Huo nao ni ushuru, ingawa haukuandikwa katika sheria yoyote ya fedha.

Tumeonesha mambo haya ili hoja yetu isibaki hewani. Mzigo wa huduma iliyopunguzwa kimya huhama. Hutoka kwenye daftari la kaunti ukaingia kwenye mfuko wa mama wa nyumbani, ambaye hana pa kuuhamishia.

TULIPIGANIA NINI

Wako vijana wanaouliza kwa nini wazee wa mageuzi walijitia jela kwa ajili ya vyama vingi. Ni haki yao kuuliza. Jibu sehemu moja limo katika hesabu hizi.

Chini ya sheria ya zamani ya serikali za mitaa, makadirio ya baraza la mji hayakuwa na nguvu mpaka Waziri aliyekaa Nairobi ayaidhinishe. Mwaka 1969 Bunge lilipitisha sheria iliyoyaondolea mabaraza ya wilaya elimu ya msingi, afya na barabara. Mabaraza ya manispaa yaliachiwa kazi hizo, lakini katika miaka ya 1970 kodi ya watu binafsi iliyowasaidia kuzigharamia ikafutwa. Kazi zikabaki, fedha zikaondoka. Mwaka 1983 Baraza la Jiji la Nairobi lilivunjwa na serikali ikateua tume ya kuuendesha mji. Wakazi wa jiji kuu hawakupata madiwani wa kuchaguliwa tena mpaka uchaguzi wa 1992. Lilikuwa somo kwa kila baraza nchini: mwenye kuuliza sana hufungiwa milango.

Siku ya mwaka mpya wa 1990, Mchungaji Timothy Njoya alisimama mimbarini akatilia shaka uhai wa mfumo wa chama kimoja. Maaskofu na wachungaji wengine wakaongeza sauti zao, na mawakili, wanafunzi na akina mama wakazitia nguvu. Desemba 1991 kifungu cha 2A kikafutwa. Hapa Mombasa vijana walirushiana mawe na polisi mwaka 1992 kwa kudai chama chao kisajiliwe. Mwaka 1998 serikali ilikubali kwa sheria kuyapa mabaraza asilimia 5 ya kodi ya mapato. Hatimaye mwaka 2010 ikaja Katiba yenye ugatuzi. Haikuletwa na ukarimu wa mtu yeyote.

Kwa hiyo tulichopigania hakikuwa Waziri wa Nairobi aondoke ili mahali pake akae waziri mdogo wa hapa hapa mwenye mlango uliofungwa vile vile. Tulipigania mlango ufunguliwe. Kifungu cha 201 kinaweka uwazi, uwajibikaji na ushiriki wa wananchi kuwa misingi ya fedha za umma. Kifungu cha 196 kinalilazimisha Bunge la Kaunti kufanya kazi hadharani. Kifungu cha 226 kinasema ofisa anayeidhinisha matumizi kinyume cha sheria atawajibika yeye mwenyewe, hata akiwa ameshatoka ofisini. Wala haya si mapambo. Mwaka 2014 Mahakama Kuu ilibatilisha Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu ya mwaka 2013 kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Jaji hakuuliza kama nia ilikuwa njema. Aliuliza kama watu walisikilizwa.

HOJA ZA WENZETU

Tunazisikia hoja tatu, na kila moja inastahili jibu la heshima.

Wa kwanza wanasema: tusimsumbue gavana wetu, adui yuko Nairobi. Tunawajibu kwamba hoja dhidi ya Nairobi haiwezi kushinda mikononi mwa asiyeonesha vitabu vyake. Ukienda kudai mgao mkubwa zaidi, utaulizwa uliopata uliutumiaje. Kaunti yenye daftari safi ndiyo yenye ulimi mkali Seneti. Anayeitaka Mombasa ipate haki yake ndiye anayepaswa kuwa wa kwanza kudai hesabu.

Wa pili wanasema: basi tusilipe. Mwenye nyumba asitoe kodi ya ardhi, mchuuzi asinunue leseni, mpaka huduma zirudi. Tunaielewa hasira hiyo. Lakini anayeacha kulipa aghalabu si mchuuzi. Mchuuzi hulipa kila asubuhi, kwa maana asipolipa meza yake hubebwa. Mwenye kukwepa ni mwenye jumba na wakili, anayelimbikiza kodi ya ardhi miaka mingi akingoja msamaha wa riba. Misamaha ya namna hiyo imekuwa kawaida katika kaunti zetu, na humfundisha mlipaji mwaminifu kuwa uaminifu ni ujinga. Serikali kuu nayo humiliki ardhi nyingi mjini, na kwa muda mrefu mamlaka za miji zimeidai mchango wa badala ya kodi. Tuanze kukusanya kwa wakubwa hao kabla ya kuongeza shilingi kumi kwa muuza viazi karai.

Wa tatu wanasema: ugatuzi umeshindwa, afya na turudishe Nairobi. Hao wamesahau. Mla ni mla leo, mla jana kala nini? Lakini sisi tuliokula jana tunakumbuka kwamba sahani ilikuwa tupu vile vile, na aliyeipakua hatukuwa na ruhusa ya kumuuliza jina. Mabaya ya kaunti tunayajua kwa sababu sheria imetupa dirisha la kuchungulia. Dawa yake ni kulipanua dirisha.

TUNALODAI

Tunadai mambo matano, na hakuna hata moja linalohitaji sheria mpya.

Kwanza, makadirio ya mapato yafuate kilichokusanywa kweli katika miaka mitatu iliyotangulia. Anayetaka kuzidisha aeleze hadharani fedha za ziada zitatoka wapi.

Pili, orodha yote ya madeni yaliyolimbikizwa itangazwe, pamoja na umri wa kila deni na kazi iliyofanywa. Yaliyothibitishwa yalipwe kwa zamu, ya kale na ya wadogo yakitangulia. Foleni isiyoonekana ndiyo soko la rushwa.

Tatu, kila mwaka Bunge la Kaunti lenye wadi zake 30 lipitishe, kabla ya njaa kuja, orodha ya mambo yasiyoguswa: dawa na vifaa vya hospitali, mishahara ya wa chini, uzoaji wa taka, maji na zimamoto. Safari, ununuzi wa magari na karamu viwe vya kwanza kukatwa.

Nne, bajeti ya nyongeza ishirikishe wananchi kama bajeti kuu. Huko ndiko kisu hufanya kazi yake gizani. Mstari unaopunguzwa utajwe na sababu yake itajwe.

Tano, fedha zinazolipwa na wagonjwa zibaki hospitalini, kama sheria ya mwaka 2023 kuhusu mapato ya vituo vya afya inavyoelekeza, na kamati ya kila kituo iweke hesabu ukutani.

NAWE, NDUGU MSOMAJI

Haki isiyotumiwa huota kutu. Basi liandike hili mahali utakapoliona. Mpango wa maendeleo wa kaunti hutakiwa kufika Bunge la Kaunti kufikia tarehe 1 Septemba. Mapitio ya bajeti na mwelekeo wa uchumi hutakiwa kufikia tarehe 30 Septemba. Mkakati wa fedha, ambao ndio hasa huamua kila idara itapata kiasi gani, hutakiwa kufikia tarehe 28 Februari. Makadirio yenyewe hutakiwa kufikia tarehe 30 Aprili, na yote yapitishwe kabla mwezi Juni haujaisha. Wengi wetu huenda mwezi Juni, wakati chungu kimeshapakuliwa. Twende mwezi Februari, kingali mekoni.

Ukinyimwa hati, andika barua kwa kutumia Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016. Ofisi ya umma ina siku 21 za kukujibu. Isipojibu, peleka lalama yako kwa Tume ya Utendakazi wa Haki. Hulazimiki kueleza kwa nini unataka kujua, kwa maana mwenye mali haulizwi sababu ya kuhesabu mali yake. Aidha sheria ya serikali za kaunti inampa kila mkazi haki ya kupeleka ombi rasmi kwa Bunge la Kaunti. Barua yenye sahihi za watu hamsini wa mtaa mmoja ina uzito kuliko manung'uniko ya elfu barazani.

Kwa waumini tuna neno la ziada. Kila parokia na kila usharika una mweka hazina, na kila mwaka huyo husimama mbele ya waumini akasoma kilichoingia na kilichotoka. Hakuna anayeona kwamba kumsikiliza ni kumtukana. Kwa nini basi tunaona haya kumtaka afanye hivyo mweka hazina wa kaunti? Maandiko yanatueleza habari za Nehemia, aliyekuwa liwali wa Yuda kwa miaka 12 na akakataa posho ya cheo chake kwa kuwa mzigo wa watu ulikuwa mzito. Yanatueleza pia juu ya wakili aliyeitwa na bwana wake atoe hesabu. Na jirani zetu Waislamu wanafundishwa kwamba amana ni lazima irudishwe kwa wenyewe. Katika jambo hili kengele na adhana zinaita watu kwenye ukumbi mmoja. Tunaomba kila kanisa na kila msikiti wa kisiwa hiki uteue watu wawili, mmoja awe kijana na mmoja awe mwanamke, wajifunze kuisoma bajeti na kuwaeleza wenzao kwa lugha nyepesi baada ya ibada.

Wenye mamlaka watasema fedha hazitoshi, na pengine watakuwa wanasema kweli. Nyumba maskini pia huwa haina ya kutosha. Lakini katika nyumba yenye heshima, chakula kikipungua baba huita watu wote, husema wazi kilichopo, na watoto na wagonjwa hupakuliwa kwanza. Baba anayejifungia chumbani na sufuria, kisha akatoka kuwaambia wanawe wavute subira, huyo hana upungufu wa chakula. Ana upungufu wa haki. Mombasa inaweza kuvumilia mwaka wa njaa, kwa sharti kwamba sufuria liletwe uani na kila mtu aone kilichomo.